Je, wajua jinsi lebo isiyo na betri inavyojitafutia masafa yake?

Ndani ya lebo za redio zinazobandikwa kwenye bidhaa madukani na maghalani mna chipu isiyofika milimita moja na antena ya alumini nyembamba. Betri hamna. Kisomaji, yaani kifaa cha kuzisoma lebo hizo, kinapotuma mawimbi, antena huyanasa, chipu huyageuza kuwa umeme wa mikrowati chache tu, na kwa umeme huohuo hujibu kwa kuyarudisha mawimbi, mara kwa nguvu, mara kwa unyonge. Wazo la kuwasiliana kwa mawimbi yanayoakisiwa liliandikwa na Harry Stockman mwaka 1948.

Umeme ukiwa haba hivyo, antena haina budi kulingana na masafa ya kisomaji (mara ngapi mawimbi yake hutetemeka kwa sekunde), ambayo Ulaya mara nyingi ni megahezi 865 hadi 868, na Marekani 902 hadi 928. Ulinganifu huo hutokana na umbo la antena pamoja na kapasita, yaani kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme, iliyomo kwenye chipu. Sasa ibandike lebo kwenye chupa ya maji. Maji huzidi hewa karibu mara 80 kwa uwezo wa kubeba nguvu ya uga wa umeme, kwa hiyo lebo huwa kama imeongezewa kapasita nyingine. Masafa yake hushuka, umeme haufiki, na kisomaji huita bila kujibiwa.

Dawa ya tatizo hilo ni chipu inayojirekebisha: ina kapasita ndogondogo kadhaa, kila moja na swichi yake. Inapoamka hupima umeme inaoupata, huunganisha kapasita moja au huitoa, kisha hupima tena, mpaka ipate mpangilio unaoleta umeme mwingi zaidi. Ni sawa na mtu anayezungusha redio ya zamani akitafuta stesheni, isipokuwa kazi hii huisha kabla hujapepesa macho.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba marekebisho yenyewe ni kipimo. Maji yakiongeza kapasita kutoka nje, chipu hupunguza za kwake, na mahali ilipokomea ni namba. Katika baadhi ya chipu za Magnus, zilizobuniwa na kampuni ya RFMicron ya Marekani, namba hiyo huwa kati ya 0 na 31, na kisomaji kinaweza kuiomba. Basi lebo iliyotengenezwa ili isomeke vizuri imekuwa kipima unyevu, bila waya wala betri! Kwenye viwanda vya magari lebo kama hizi huwekwa sehemu zilizojificha, gari likanyunyiziwa maji, na panapovuja pakajulikana bila kung'oa zulia.

Namba peke yake haitoshi, lakini. Lazima ilinganishwe na ile iliyosomwa lebo ikiwa kavu, kwa kuwa hata mkono ulioisogelea huibadilisha. Tena, lebo ya kawaida ikigusa chuma, kapasita haziiokoi, kwani chuma huidhoofisha antena yenyewe. Hapo huhitajika antena iliyoundwa maalumu kwa ajili ya chuma.