Kabla ya dawa ya Parkinson, tulipie kipimo

Daktari humwambia mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, agonganishe gumba na kidole cha shahada, upesi, huku akivitanua vidole kadiri awezavyo, mara kumi. Hutazama kama kasi inapungua, kama vidole vinakwama, kisha huandika alama kuanzia 0 (hakuna tatizo) hadi 4 (hali mbaya zaidi). Dawa nyingi mpya bado hupimwa hivyo: kwa macho ya daktari.

Alama hiyo haitulii. Kabla ya kumeza levodopa, dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, mgonjwa aweza kupata 3, baadaye kidogo akapata 1. Hata kidonge kitupu, akikimeza kwa imani kwamba ni dawa, chaweza kuufanya ubongo wake utoe dopamini ya kweli, ile kemikali inayouwezesha mwili kusogea vizuri. Picha za ubongo zilionyesha hivyo mwaka 2001. Basi anayejaribu dawa ya kuzuia ugonjwa usiendelee hulazimika kuwafuatilia mamia ya watu kwa mwaka au zaidi, na mwishowe asijue kilichoshindwa ni dawa au ni kipimo. Na amechelewa pia. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini imeshakufa. Miaka kadhaa kabla ya hapo, huenda mtu huyo alikuwa hasikii tena harufu, au akirusha ngumi usingizini kwa kuigiza ndoto zake.

Ndiyo maana kiashiria cha kibiolojia, yaani alama ya ugonjwa inayoonekana mwilini wenyewe, kina thamani kubwa. Mwaka 2010 taasisi ya mwigizaji Michael J. Fox, mwenye ugonjwa huu, ilianza kugharamia utafiti uitwao PPMI. Wagonjwa na watu wazima wa afya walijitolea kuchomwa sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo yakatolewa na kugandishwa. Mwaka 2023 yakaja matokeo ya watu zaidi ya 1,100. Maji kidogo huchanganywa na protini safi ya alfa-sinukleini, ile ambayo hujikunja vibaya katika ugonjwa huu, na rangi maalumu, kisha hutikiswa kwa muda mrefu. Kama ndani yake kuna protini iliyojikunja vibaya, hiyo huambukiza zile safi mkunjo wake, na mchanganyiko huanza kung'aa. Kipimo kiliwatambua karibu wagonjwa 88 katika kila 100.

Nisikipambe kupita kiasi. Kinajibu ndiyo au hapana. Hakisemi ugonjwa umefika wapi. Kati ya wagonjwa wenye hitilafu katika jeni ya LRRK2, kiliwakosa wengi zaidi.

Wafadhili hupenda dawa, kwa sababu dawa ina picha nzuri. Friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri haina. Wala ruzuku ya miaka mitatu haitoshi kumfuatilia mtu mwenye afya mpaka ijulikane kama ataugua. Na fedha zikilipia sampuli za watu wa asili moja tu, mengine hayaonekani: mwaka 2023 ndipo ilipochapishwa aina ya jeni ya GBA1 inayoongeza hatari kwa watu wenye asili ya Afrika, baada ya watafiti kuwachunguza wagonjwa wengi wa Nigeria.

Wale wa kwanza waliochomwa sindano kwa ajili ya PPMI walitoa maji yao wakati kipimo hicho hakijagunduliwa. Mirija ilikaa kwenye barafu miaka yote hiyo, na kuna aliyekuwa akilipa umeme.