Oili ya giaboksi ya auto: umwage mwenyewe au umpelekee fundi? Dhana zinazotuulia magari

Wakuu, mada ya oili ya giaboksi ya auto ikiguswa tu kila mtu anakuwa fundi. Mmoja anasema usiiguse kabisa, mwingine anasema tia haidroliki (ndo jina la mtaani la oili hii) yoyote nyekundu twende, wa tatu katoka kuangalia video ya Mmarekani anamwaga oili uani kwake na yeye sa hizi anaulizia jeki. Napitia zile dhana ninazozisikia sana, na msimamo wangu nausema mapema kabisa: nani kafungua nati ya kumwagia oili ni jambo dogo, jambo kubwa ni oili gani imeingia na imepimwaje.

"Ukifanya mwenyewe unaokoa hela nyingi"

Hii ni hesabu ya Marekani. Kule gereji wanachaji kwa saa na saa moja tu ni pesa ndefu, ndo maana mtu anaona bora alale chini ya gari Jumamosi nzima. Kwetu Dar, Nairobi au Mwanza kinachokula hela ni oili yenyewe, ufundi ni kasehemu kadogo ka bili, na ukijumlisha jeki, stendi zake, faneli ya shingo ndefu na karai la kukingia unaweza kukuta mara ya kwanza umetumia kuliko ungempa fundi.

Faida ya kufanya mwenyewe ipo ila siyo hiyo. Faida ni kwamba umeona kwa macho yako kilichoingia mle ndani. Na hiyo hata gereji unaipata, nunua oili mwenyewe, nenda nayo ikiwa imefungwa, simama hapo hapo mpaka kopo la mwisho, kisha makopo matupu ondoka nayo au yatoboe, maana makopo yenye nembo nzuri yana wateja wake mjini. Fundi akinuna kwamba humwamini, tafuta mwingine.

"Haidroliki ni haidroliki, mradi iwe nyekundu"

Hapa ndo magari yanapofia. Ule wekundu ni rangi tu imetiwa makusudi ili ikivuja usiichanganye na oili ya injini, haikuambii chochote kuhusu kazi ya oili, na kuna oili kama NS-2 ya Nissan ambayo ni ya kijani kabisa. Toyota za zamani zinatumia Type T-IV, baadaye wakahamia WS ambayo ni nyepesi zaidi na Toyota wenyewe hawataki uweke moja mahali pa nyingine. Nissan wana Matic D, Matic J, Matic S. Honda walikuwa na Z1 wakaja DW-1. Sasa wewe unafika dukani unasema "nipe haidroliki ya auto", muuzaji anakupa kilichopo, mara nyingi kimeandikwa Dexron III, wakati GM (General Motors wa Marekani) wenye hilo jina waliacha kuitolea leseni tangu 2006 wakahamia Dexron VI.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na CVT, aina nyingine ya giaboksi ya auto. CVT haina gia za kupanda moja mbili tatu, ina puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa katikati yake, chuma kwa chuma, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza huku ikiulinda usisagike. Ukitia haidroliki ya auto ya kawaida mkanda unateleza, unazichora puli, unga wa chuma unasambaa mwili mzima wa giaboksi. Ukishagundua ukaja kutia oili sahihi, puli iliyochorwa haijirudi.

Na watu wengi hawajui kwamba wana CVT! Premio za kuanzia 2007, Vitz nyingi za kuanzia 2005, X-Trail T31, Dualis, ukiangalia mkono wa gia ni P R N D ile ile kama gari ya jirani, kwa hiyo mtu anaamini ni auto tu. Kwa Toyota za Japani tafuta kile kibati cha chasisi, kwenye boneti au nguzo ya mlango, kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Code yake ikianza na K hiyo ni CVT, ikianza na U au A ni auto ya kawaida (IST nyingi za kizazi cha kwanza utakuta U340E). Halafu chomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi kama ipo, ifute, soma, mara nyingi aina ya oili imegongwa pale pale kwenye chuma. Dakika mbili tu, na mtu anaruka hiyo hatua anaenda kumuuliza bodaboda.

"Nikifungua nati nimetoa oili yote"

Hapana. Nyingine inabaki kwenye toki konveta (kile kinachounganisha injini na giaboksi) na kwenye mabomba yanayoenda rejeta. Chukulia giaboksi inayobeba lita 6.5 na ukifungua nati zinatoka 3, maana yake oili mpya ni kama asilimia 46. Ukiendesha siku kadhaa ukarudia unafika 71, mara ya tatu 84. Ndo maana mimi napenda huu utaratibu wa kumwaga na kujaza mara mbili tatu kwa kuachanisha, ni wa pole, hauhitaji mashine, na unafanyika nyumbani vizuri kabisa.

Mtego mwingine: kuna Toyota ambazo ndani ya tundu la kumwagia kuna kamrija kamesimama, ni ka kupimia ujazo. Unafungua nati, inatoka oili kiduchu, unasema aah kumbe ilikuwa imepungua, unafunga. Hujamwaga kitu. Kale kamrija lazima katolewe kwa elkii (ule ufunguo wa umbo la L) ndo oili ishuke.

"Oili mpya inaua giaboksi ya zamani"

Hii ina chembe ya ukweli ndo maana haifi. Kinachotokea ni hivi, mtu anakaa na gari miaka bila kugusa oili, siku gia zinaanza kuteleza na kuchelewa kuingia ndo anakumbuka kubadilisha, baada ya wiki giaboksi inakata moto, lawama kwa oili mpya. Klachi za ndani zilishakwisha. Oili haijengi klachi iliyolika. Kama gari bado inabadilisha gia vizuri, hata ikiwa na kilomita 150,000, kumwaga taratibu na kujaza oili sahihi hakuna ubaya. Ila kama tayari inateleza na oili inanuka kuungua, usitegemee muujiza, na hapo usikubali kabisa mtu akusukumie oili kwa presha ya mashine ya kuflashi (kusukuma oili yote ya zamani itoke), maana uchafu uliotulia unaweza kubebwa ukaenda kuziba njia ndogo ndogo za oili.

Ukishusha sampu (karai la chini la giaboksi) utakuta sumaku. Ikiwa na tope laini la kijivu ni kawaida, ni msago wa miaka. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, hapo okoa hela ya oili anza kuulizia giaboksi.

"Hii imefungwa, oili yake ni ya maisha"

Maisha ya nani? BMW wamekuwa wakisema oili ni ya maisha, wakati ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi hizo hizo, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au isizidi miaka 8. Mtengenezaji wa giaboksi na muuza gari hawasemi kitu kimoja, mi namsikiliza mtengenezaji. Na kwetu ongeza foleni ya Mandela Road kwenye jua la saa nane, ongeza mlima Kitonga na mzigo umejaa, joto ndo linaloimaliza hii oili. Kwa matumizi hayo mi naona 40,000 hadi 60,000 ni sawa. Gari iliyoshuka bandarini juzi wala usisubiri hizo kilomita, hujui mwenyewe wa kwanza aliifanyia nini.

"Kupima ni kuchomoa stiki tu"

Kwenye injini sawa. Kwenye auto nyingi za Toyota unapima gari ikiwa ya moto, iko tambarare, inanguruma, umepitisha mkono P mpaka L ukarudi P, ndo unasoma upande wa HOT. Honda wao wanataka uzime kwanza halafu upime haraka ndani ya dakika moja na nusu. Ukipima ikiwa baridi ukajaza mpaka alama ya juu umezidisha, ikipata moto inapanda, vyuma vinaipiga inatoa povu, na povu halisukumi gia. Kuzidisha ni kubaya karibu sawa na kupunguza.

Zile zisizo na stiki ndo mpaka wangu ulipo. Zinapimwa kwa oili kuchuruzika kwenye tundu wakati joto la oili liko kama nyuzi 35 mpaka 45 na injini inawaka, maana yake gari iwe juu imelala sawa pande zote nne na uwe na mashine ya kusoma joto la oili. Uani kwa jeki moja na matofali usijaribu, kwanza hutapata kipimo, pili gari juu ya matofali inakuua. Hiyo peleka kwa mwenye lifti na mashine, ulipe.

"Gereji kubwa hawakosei"

Waulize wenye Subaru. Kwenye Forester na Impreza za zamani nati ya oili ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele zote ziko huko chini karibu karibu, na kosa la kumwaga giaboksi kisha kujazia oili injini ambayo haijamwagwa linajulikana dunia nzima. Kwa hiyo hata ukilipa, uliza anafungua nati ipi. Na kabla hajafungua ya chini ahakikishe pa kujazia panafunguka, maana ukishamwaga ukakuta kifuniko cha juu kimeganda gari italala hapo hapo.

Oili chafu usimwage mtaroni. Kinga yote kwenye dumu, na pima ulichotoa kabla ya kukipeleka popote, maana zikitoka lita 3 unaanza kwa kurudisha lita 3, hata kama fundi anasema kopo la 4 litabaki la nini.