Kikomo cha uchakavu: breki ya diski itengenezwe au ibadilishwe?

Kikomo cha uchakavu ni kipimo ambacho kifaa kikishuka chini yake hakitakiwi kutumika tena, hata kama bado kinaonekana kizima. Kwenye breki ya diski ya baiskeli ya milimani, kipimo chenyewe ni unene. Diski nyingi za kampuni ya Shimano zikiwa mpya zina milimita 1.8, na kiwanda kinataka zitolewe zikifika 1.5. Kwa hiyo kati ya diski mpya na ya kutupa kuna milimita 0.3 tu, tofauti ambayo jicho haliioni. Tazama diski yenyewe: mara nyingi namba hiyo imechapwa kwa herufi ndogo karibu na bolti.

Mtu hufika kwa fundi akasema "breki imekwisha", na fundi, hasa akiwa na spea za kuuza, hajibu zaidi ya "tubadilishe". Lakini breki haiishi yote kwa pamoja. Kuna pedi zinazosugua, kuna diski, kuna kalipa inayobana pedi kwenye diski kwa pistoni zake, na kuna mkono wa breki pamoja na waya au mpira wa mafuta unaoshuka hadi kwenye kalipa. Kila kimoja kina namna yake ya kufa, na uamuzi hufanywa kwa kila kimoja peke yake.

Pedi haitengenezwi. Imewekwa ili iishe, kama soli ya kandambili. Shimano wanasema ibadilishwe tabaka lake la kusugua likibaki milimita 0.5, kampuni nyingine, SRAM, wao hupima pedi pamoja na bati lake, na jumla ikiwa chini ya milimita 3 wanasema itoke. Itoe nje ndipo uipime, maana kuchungulia kwa juu kunadanganya. Ukichelewa hadi bati likagusa diski, utasikia chuma kinasaga chuma, na hapo pedi ya bei ndogo inakuharibia na diski.

Dar es Salaam miteremko mirefu ni michache. Ukiacha vilima vya Pugu na njia za kuelekea Kisarawe, breki zetu hazifi kwa joto. Zinaliwa na mchanga, na zaidi tope la masika, ambalo likishabana kati ya pedi na diski hugeuka msasa. Ndiyo maana kwa anayeendesha kwenye tope mara kwa mara, pedi za metali hudumu kuliko za resini, yaani zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Ila soma diski kwanza: zile za bei nafuu zilizoandikwa kuwa ni za pedi za resini pekee zitamalizwa haraka na pedi za metali.

Halafu kuna ugonjwa unaodhaniwa kuwa uchakavu na si uchakavu. Pedi bado nene, diski bado nzima, lakini breki inapiga kelele na haishiki. Uliza nani alipulizia mnyororo dawa ya kutu karibuni. Tone la mafuta likirukia diski, pedi hulinywa. Diski utaifuta kwa spiriti na kitambaa safi ikarudi hali yake. Pedi ni kesi nyingine: ikiwa imeguswa kidogo tu, msasa unaweza kuiokoa, lakini iliyolowa ni ya kutupa. Wapo mafundi wanaozichoma kwenye moto ili mafuta yatoke. Mimi siungi mkono, kwa sababu resini inayoshikilia tabaka huharibika kwa moto, na tabaka lililolegea linaweza kubanduka siku unapolihitaji.

Diski iliyopinda nayo haijachakaa. Inanyooshwa taratibu, kwa spana yake maalumu au kwa mikono safi, huku ukizungusha gurudumu na kuangalia inapogusa. Yenye ufa haina mjadala, itupe. Ya kupima, tumia maikromita kama fundi anayo. Taya za vania, kile kipimo cha kubana, hukaa kwenye ukingo wa nje ambao pedi haiufikii, zikakusomea unene wa zamani. Na kwa nini wembamba uogopwe? Chuma kidogo hupata moto haraka na hupinda kirahisi, na pistoni inalazimika kutoka mbali zaidi ili pedi iifikie diski.

Ukienda Kariakoo kununua, beba ya zamani mfukoni, pedi na diski vyote. Diski zina vipenyo tofauti, 160, 180 na 203 zikiwa za kawaida, na nyingine hufungwa kwa bolti sita wakati nyingine hukaa kwa meno na nati moja kubwa ya katikati. Pedi ndiyo balaa zaidi, kwani hata kampuni moja ina maumbo yasiyoingiliana.

Kalipa ya waya karibu kila mara inatengenezeka. Waya na ala yake hushika kutu, hasa kwa wanaokaa karibu na bahari, na kuvibadilisha vyote viwili ni kazi ndogo. Kalipa ya mafuta inataka uchunguzi. Mkono wa breki ukizama hadi karibu na usukani, ubonyeze haraka haraka mara kadhaa. Ukianza kuwa mgumu, dalili ni ya hewa ndani, na dawa yake ni kutoa upepo. Pistoni isiyoteleza vizuri husafishwa na kurudishwa ndani polepole. Kalipa ikivuja ndipo kampuni zinapoachana: SRAM huuza sili za kalipa, yaani mipira ya kuzuia mafuta, Shimano hawauzi, kwa hiyo kalipa ya Shimano inayovuja hubadilishwa nzima. Kalipa na mkono vikivuja vyote, usihangaike navyo kimoja kimoja, nunua seti.

Kabla ya kuongeza chochote, soma kifuniko cha kopo la mafuta lililo kwenye mkono wa breki. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, ingawa baadhi ya mpya, kama DB8 na Maven, zimehamia kwenye madini. DOT ipo kila duka la spea za magari, na hapo ndipo hatari ilipo: ikiingia kwenye breki ya mafuta ya madini, sili huvimba, na kazi ya kutoa upepo inageuka ununuzi wa breki nzima.

Kwa baiskeli ya mtumba yenye breki ya mafuta isiyo na jina na inayovuja, mimi ningefunga breki ya diski ya waya. Kwa safari za barabara tambarare inatosha sana. Kumbuka tu kwamba mkono wa mafuta hauvuti waya, kwa hiyo mkono nao unabadilika.

Pedi mpya zikishafungwa, usikimbilie kulalamika kwamba hazishiki. Tafuta barabara tulivu, endesha kwa kasi ya wastani, kisha funga breki taratibu hadi karibu kusimama bila gurudumu kukwama. Rudia kama mara 20, ukianza na breki ya mbele, halafu ya nyuma.