Mbwa yuwachechemea, nianzie wapi? Maswali ninayoulizwa hapa Malindi

Hapa mtaani watu washajua nafuga mbwa, basi kila wiki kuna mtu anisimamisha njiani au anitumia vidio usiku, mbwa wake kaanza kuchechemea na hajui afanye nini. Mimi si daktari, nimelea mbwa miaka mingi tu na daktari wa mifugo nimemshikia wagonjwa mpaka nikajifunza mengi. Haya ndio maswali yanayorudi rudi.

Kaka, mbwa wangu kaamka achechemea mguu wa mbele lakini halii hata kidogo, si ina maana haumwi?

Yuwaumwa, usijidanganye. Mbwa hulia ile dakika anapoumia, ikipita hapo hunyamaza na kuendelea na maisha, atakula, atatingisha mkia, atakufuata mpaka getini na mguu wake ukiwa juu. Kuchechemea ndio kulia kwenyewe. Nimeona mbwa mwenye mfupa uliovunjika akipokea mgeni kwa furaha kama kawaida, na mwenyewe akasema ah huyu hana kitu, siku nne zikapotea hivyo.

Na nitajuaje ni mguu upi? Mimi naona tu anaenda vibaya.

Mwambie mtu amtembeze pole pole mahali pagumu tambarare, si mchangani, wewe simama umtazame akija na akienda. Kama ni mguu wa mbele tazama kichwa: akikanyaga mguu mbovu kichwa hupanda juu, akikanyaga mzima kinashuka. Wa nyuma tazama nyonga, upande mbovu huinuka sana kila akikanyaga. Mchukue vidio ya simu hapo hapo, maana wengi wakifika kwa daktari huogopa na kutembea sawa kabisa, na daktari hawezi kutibu asichokiona.

Nianze kuangalia wapi?

Chini, kwenye wayo. Watu hukimbilia bega na nyonga, kumbe mara nyingi tatizo liko katikati ya vidole. Kabla hujagusa, mfunge mdomo hata kama ni mbwa uliyemlea kwa chupa, maana mwenye maumivu huuma bila kufikiri. Chukua ukanda wa leso kuukuu, zungusha puani, pitisha chini ya taya, ufunge nyuma ya masikio. Usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida, na usimwache amefungwa muda mrefu kwenye joto letu hili kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema mdomo wazi.

Sasa mmoja amshike kichwa, mwingine aanze na mguu MZIMA ndio ajue ulivyo, alafu aende kwenye mbovu. Panua vidole kimoja kimoja. Tafuta mwiba, kipande cha chupa, msumari, mkato wa mwamba kama hupenda kwenda pwani maji yakitoka, kupe waliojificha katikati ya vidole, funza, na kucha. Kucha ndiyo shida mara nyingi sana! Ule ukucha wa gumba la ndani haugusi chini kwa hivyo hausagiki, hukua ukajikunja ukaingia nyamani na hakuna aliyeona. Tazama pia kama watoto wamemvalisha raba bendi au kamba mguuni wakicheza, hiyo huzama ndani ya manyoya na kukata nyama kimya kimya, wewe waona tu uvimbe. Ukimaliza wayo panda juu taratibu, bonyeza kila mfupa, kunja na kunjua kila kiungo, linganisha na mguu wa pili kwa joto na uvimbe.

Mwiba unaoonekana kichwa chake utoe kwa kibano, uoshe na maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita. Usimwagie spiriti, mafuta ya taa wala oili chafu ya injini, hiyo yachoma nyama na isitoshe atairamba. Kilichozama ndani sana, au kidonda kinachotoa usaha, mwachie daktari.

Na kama nyayo zote zimechubuka ni joto. Saa nane mchana weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukishindwa kuuacha sekunde 7 jua na yeye hawezi, mtembeze alfajiri au jua likishatua.

Mbwa wetu kakanyaga ndoana huko kwa wavuvi, mzee asema tuivute kwa nguvu mara moja.

Msivute. Ndoana ina kile kijino kinachorudi nyuma, mkiivuta inararua nyama na kano. Mkate mshipi ubaki mfupi asiukanyage, mmzuie kuramba, mmpeleke daktari amdunge ganzi aisukume itokee mbele, akate kijino alafu airudishe. Lakini kama ndoana ameimeza na mshipi watokea mdomoni, hapo usivute na usikate mfupi, uache mrefu maana daktari atauhitaji, na nenda saa hiyo hiyo.

Nimpe Panadol au Brufen apoe maumivu?

Hapana, hapana, hapana. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kuna jirani alikuwa na mbwa wa kama kilo 12 aliyeteguka mguu kidogo tu, akampa diclofenac zake mwenyewe za mgongo, kidonge cha miligramu 50 asubuhi na jioni siku tatu. Mguu ulipoa kweli. Siku ya nne mbwa akaanza kutapika kitu kama makapi ya kahawa, choo cheusi kama lami, akafa akiwa kwenye dripu. Mguu uliomwanzishia yote ungepona wenyewe kwa kupumzika.

Dawa kama ibuprofen (ndiyo Brufen), diclofenac na aspirini kwa mbwa hutoboa tumbo na kuharibu figo, mwili wake hauzisafishi kama wetu. Paracetamol, ndiyo Panadol, nayo huharibu ini na damu, na kwa paka hata kidonge kimoja chaweza kuua. Dawa za maumivu za mbwa zipo, kuna meloxicam na carprofen, lakini daktari humpima uzito kwanza na kuuliza kama anakula na kama figo zake ziko sawa. Na kama ulishampa kitu mwambie daktari ukweli, usione haya, maana akiongezea dawa nyingine juu yake ndio hatari.

Kagongwa na boda, lakini kainuka akakimbia, achechemea tu kidogo.

Mpeleke leo. Mguu sio ninaouogopa hapo, naogopa ndani. Inua mdomo utazame ufizi, wa kawaida ni wa waridi, ukiwa mweupe au kijivu huenda anavuja damu ndani hata kama asimama. Tazama anavyohema. Angalia kama anakojoa, kibofu huweza kupasuka mtu asijue.

Kama mguu unaning'inia au umepinda usipopindika, umevunjika. Usiunyooshe, usimfunge vijiti vya kienyeji, vikikaa vibaya vinaongeza kuvunja. Mtelezeshe juu ya ubao au mlango mkuukuu au blanketi watu wawili washike pembe, mwingize kwenye tuktuk akiwa amelala, mguu mbovu juu. Damu ikitoka bonyeza kwa kitambaa safi dakika 5 mpaka 10 bila kufunua funua kuchungulia.

Akikuuma katika shughuli hiyo, au akikuuma mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Mbwa anayeyumba miguu ya nyuma huku mate yanamtoka, hawezi kumeza na tabia imebadilika, huyo usimguse kabisa, piga simu ofisi ya mifugo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Na wako mchanje kila mwaka.

Mimi Mwislamu, mbwa wa mtaa kalala mlangoni kwangu mguu umevimba, naogopa najisi.

Dadangu, kumsaidia hakukukatazi swala. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mkono mkavu na mbwa mkavu hakuna kinachohama. Ukipatwa na mate au unyevu unaosha mara saba, moja kwa mchanga, imeisha. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, muwekee maji kivulini, tafuta wa kumbeba. Wote tumesomeshwa chuoni hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Leo achechemea mguu huu, kesho ule, nini hii?

Fikiria kupe kwanza. Huku kwetu joto haliishi na kupe hawaishi, wanaleta homa inayoingia kwenye viungo, mbwa anakuwa mzito, hataki kula, ufizi unapauka, wengine hutoka damu puani. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 mpaka 39.2, likipita hapo na yuwachechemea huku na huku apimwe damu. Inatibika kwa antibayotiki lakini ni wiki kadhaa, usikatishe ukimuona amechangamka siku ya tatu.

Kama ni mtoto wa mbwa niulize unamlisha nini. Ugali mtupu, au nyama tupu, vyote havina kalsiamu ya kutosha, mifupa inakuwa laini, miguu inapinda na kuvunjika akiruka tu ngazi. Mchanganyie dagaa wazima wa kusaga na mifupa yao. Unga wa kalsiamu wa dukani usimtilie kwa kukisia hasa akiwa wa mbegu kubwa, ukizidi nao unaharibu mifupa.

Sasa nisubiri siku ngapi kabla ya daktari?

Akikanyaga, anakula, hakuna uvimbe mkubwa, mpe siku mbili za kupumzika KWELI, yaani ndani au kwenye boma dogo, anatoka kwa kamba kukojoa na kurudi, hakuna pwani hakuna kuruka ukuta. Wengi wanasema amepumzika kumbe usiku amefunguliwa alinde. Siku mbili zikiisha na bado, nenda. Asiyekanyaga kabisa usimsubiri hata siku moja. Na yule aliyeanza ghafla akikimbia, mguu wa nyuma, agusa chini kwa ncha za vidole na akikaa anautupa nje pembeni, huyo mara nyingi ni kano ya goti imekatika, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona ili alipime goti.