Ratiba ina saa 18. Nyingine 22 ziko wapi?

Kila mwaka, wiki ya pili au ya tatu baada ya chuo kufunguliwa, hunijia ofisini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye furaha yake haifichiki. Ratiba kaipiga picha, ipo kwenye simu. "Dokta, Jumatano sina kipindi hata kimoja. Na Ijumaa naingia saa nane mchana tu." Anaongea kama mtu aliyeokota hela njiani. Namkaribisha kiti, navuta karatasi, tunapiga hesabu.

Nafundisha uchumi katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mshauri wa kitaaluma wa wanaoanza. Hesabu yenyewe ni hii. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi. Si saa 10 za kumsikiliza mhadhiri. Ni saa 10 za kila kitu: mhadhara, semina, kusoma peke yako, asaimenti, hadi mtihani. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unabaki na saa 40 kila wiki. Ratiba ya kijana wangu ilikuwa na saa 18. Kwa hiyo zipo saa 22 ambazo chuo kimeshazihesabu kuwa za kazi, ila hakikuziandika popote. Jumatano yake imo humo.

Watu wengi wakija chuoni huogopa ugumu wa masomo. Kwa ninavyoona mimi, ugumu wa masomo unazoeleka. Kinachowaangusha wengi ni hizi saa zisizoandikwa. Ulikotoka, hasa kama ulisoma bweni, kila saa ilikuwa na mwenyewe: kengele alfajiri, mchakamchaka, usafi, paredi, vipindi, prepo, halafu mwalimu wa zamu anapita madirishani na tochi kuona nani kalala juu ya daftari. Uliyachukia yale maisha, na mimi niliyachukia. Lakini yalikuwa yanakugawia siku. Hapa hakuna wa kukuamsha. Ukikosa mhadhara, mhadhara unaendelea. Ukumbini mko watu 400 na mimi sijui sura yako. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, najua, na najua pia kwamba kuna anayesainia watu wanne kwa kalamu mbili tofauti. Siku hizi hata sihangaiki naye, mtihani utamkuta.

Nisijifanye mwema. Muhula wangu wa kwanza nilikamata sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi. Kidato cha sita nilifaulu vizuri, nikaja nikiamini kichwa kipo. Wiki ya kwanza nikaonyeshwa desa, ule mkusanyiko wa noti na majibu ya mitihani ya zamani unaorithishwa toka kwa waliotangulia. Nikalitoa kopi steshenari, karatasi sitini na kitu, nikalitia mfukoni kama mtu mwenye bima. Mihadhara nikahudhuria nilipojisikia. Kumbe mhadhiri wa kozi ile alikuwa amebadilika, na huyu mpya hakuuliza "taja" wala "eleza maana". Alitupa jedwali la bei na kiasi cha mahindi kilichonunuliwa, akasema tuchambue. Desa langu halikuwa na mahindi.

Desa si dhambi, na wala siwakatazi. Mtihani wa zamani ni kipimo kizuri cha mtu aliyekwisha kusoma. Ubaya ni kulianza hilo kabla ya somo lenyewe.

Sapu inakera kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Inafanyika mwisho wa mwaka, wakati wenzako wako likizo. Kama kwenu ni Kigoma au Sumbawanga, hiyo ni nauli nyingine ya kuja na kurudi, na pa kulala utafute. Halafu ukiifanya vizuri namna gani, unaandikiwa C. Jibu maswali yote kama profesa, ni C.

Hapo ndipo umuhimu wa koziweki, kazi za darasani kabla ya mtihani wa mwisho, unapokuja. Kwenye kozi nyingi alama 40 zinatokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 ni za UE, mtihani wa mwisho. Wachukue wawili wanaotaka B+, yaani 60. Mmoja anaingia UE akiwa na 31 kati ya 40. Anahitaji 29 tu kati ya 60, hata nusu haifiki. Mwingine anaingia na 17. Anatakiwa apate 43. Huyu wa pili ndiye utamkuta usiku wa manane anapiga msuli, miguu ndani ya beseni la maji asisinzie, na watu wanamsifu kwa bidii. Yule wa kwanza kalala.

Kuna uvumi mwingine ambao sijui nani anaueneza kila mwaka, kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. GPA ya kumalizia, yaani wastani wa alama zako, inakokotolewa kwa miaka yote, na mwaka wa kwanza ni theluthi ya krediti zako. Tuseme umeyazoea mazingira kwa GPA ya 2.8. Ili umalize na 3.5, ambapo daraja la pili la juu linaanzia, miaka miwili iliyobaki uwe na wastani wa 3.85. Kama una ndoto ya kubaki chuoni kuwa mkufunzi msaidizi, wanataka 3.8, hapo unahitaji 4.3 miwili mfululizo. Wapo waliofanya hivyo. Ni wachache, na wamekonda.

Basi zile saa 22 uzifanyie nini? Mimi naomba kitu kimoja kwanza: siku ya mhadhara isilale na mhadhara wake. Tafuta kimbweta, yale meza na mabenchi ya nje ya kujisomea, chenye kivuli, fungua kaunta buku, na bila kutazama noti andika ukurasa mmoja wa ulichosikia. Utakwama mstari wa sita. Hapo ulipokwama ndipo pa kusoma kitabuni, si kuanza sura ya kwanza hadi ya mwisho kama riwaya. Nimewahi kuona kaunta buku mbili za wanafunzi waliokaa chumba kimoja. Moja ilikuwa safi, imenakiliwa slaidi zangu neno kwa neno, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Nyingine ilikuwa chafu, mishale, maneno yaliyokatwakatwa, pembeni kaandika "hapa sijaelewa, muulize". Ile chafu ndiyo iliyopata A.

Na lugha. Mnajadili kimbwetani kwa Kiswahili, na wapo wahadhiri wanaowagombeza kwa hilo. Mimi siwagombezi, mtu huelewa kwa lugha anayofikiria. Kuna binti alinieleza ofisini, vizuri kabisa, kwa nini chumvi ikipanda bei watu wanaendelea kununua kilekile, wakati soda ikipanda wanaiacha dukani. Mifano kaitoa mwenyewe, hadi duka la mjomba wake. Kwenye jaribio, swali hilohilo kwa Kiingereza, aliandika mistari miwili. Uchumi alikuwa nao, Kiingereza cha kuuandikia ndicho hakuwa nacho. Tangu hapo nawaambia wajadili kwa Kiswahili hadi waelewe, kisha dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike jibu lake kwa Kiingereza, wabadilishane, wakosoane. Inachosha. Lakini ukumbi wa mtihani hauna kimbweta.

Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, nalo lina tabia ileile ya ratiba: unapewa kwa mkupuo kitu ambacho kimehesabiwa kwa siku. Bodi ya Mikopo inapiga chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku. Ukikuta 600,000 kwenye akaunti, hizo ni siku 60, lakini macho yanaona simu mpya. Siku ya kwanza lipa kodi ya geto au kitanda cha hosteli, na kama kuna mama ntilie unayemwamini, mlipe ya mwezi mzima. Wali maharage uliokwisha kulipiwa hauwezi kuwekwa kwenye mkeka wa kubeti. Natania, ila si sana. Nimeona boom zima likiishia kwenye kubeti wikiendi moja, na mwenyewe akaja kuniambia kaibiwa. Kumbuka pia lile ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Na usije Dar ukitegemea boom la siku ya kuripoti. Lazima usajiliwe kwanza, kisha usaini. Beba ya kukutosha wiki kadhaa.

Usipopata hosteli, mwenzako akakubeba kitandani kwake, mshukuru na uendelee kutafuta chumba. Kubebana muhula mzima kunavunja urafiki na mgongo.

Mwisho, kuhusu sisi wahadhiri. Saa nne usiku nimepata ujumbe: "Mambo dokta, mbona matokeo yangu hayaonekani." Sina jina, sina kozi, namba ni ngeni. Sikujibu, si kwa kiburi, nisingejua nijibu nini. Siku nyingine nikapata huu: "Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, mwaka wa kwanza, namba ya usajili ni hii. Nimesoma mada ya tatu mara mbili, sijaelewa kwa nini mstari wa mahitaji unahama badala ya mtu kusogea juu yake. Naweza kuja lini?" Nilimpa miadi palepale.

Wanafunzi wa namna hiyo hawaji wengi. Jumatano, ileile isiyo na kipindi, nipo ofisini kuanzia saa nne hadi saa sita, mlango wazi. Mara nyingi nasahihisha peke yangu.