Mwanafunzi wa sheria na kazi ya sera: yanayosemwa na yalivyo kweli

Mwanafunzi wa sheria akisema nyumbani kwamba anataka kufanya kazi ya sera, wazee humtazama kama mtu aliyeacha njia. Walimsomesha ili wamwone amevaa joho la uwakili, na sasa anazungumzia miswada, wizara na utafiti. Chuoni nako hapati moyo mkubwa, maana mashindano ya kesi za mfano yana vikombe na picha, ilhali kuchambua muswada ulioko bungeni hakuna anayekupigia makofi. Hivyo vijana wanaoifaa sana kazi hii huikimbia kwa sababu ya maneno waliyoyasikia, na mengi ya maneno hayo si ya kweli. Nitayapitia yale yanayorudiwa zaidi. Mifano mingi ni ya Tanzania.

"Sera ni ya wachumi na wanasiasa. Mwanasheria huitwa mwishoni kuandika tu."

Ukiingia wizarani utaelewa dhana hii imetoka wapi. Idara ya Sera na Mipango imejaa wachumi, na Kitengo cha Sheria kiko mlango mwingine, kinaletewa jambo likiwa limeshaamuliwa. Lakini tazama sera zilizogusa maisha ya watu wengi nchini, uone nani alikuwa mezani tangu siku ya kwanza.

Chukua ardhi. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, na mwenyekiti wake alikuwa Profesa Issa Shivji, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza wanavijiji, wafugaji na watu waliohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, kisha ikatoa ripoti yake mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa lilihusu mamlaka. Ilitaka ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji chenyewe, na ardhi ya taifa iwe chini ya tume maalumu, badala ya yote kubaki mkononi mwa Rais.

Serikali haikukubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilibakiza ardhi yote chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na msimamo huo ndio ulioingia katika Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ni vyema kila mwanafunzi anayeota kazi ya sera aisome hadithi hii taratibu. Inaonyesha kwamba mwanasheria anaweza kuongoza uchunguzi wa sera nchi nzima, na inaonyesha vilevile kwamba uchunguzi mzuri hauhakikishi kukubaliwa.

Sehemu ya pili ya hadithi husahaulika. Baada ya sera kutoka na kabla ya sheria kupitishwa, mashirika ya wanawake, yakiwamo ya wanasheria, yaliungana kuichambua rasimu kifungu kwa kifungu. Leo kifungu cha 3(2) cha sheria hizo mbili kinatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Sheria ya Vijiji ikaongeza kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haitakuwa na nguvu, na kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji litakuwa na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Hesabu hiyo ya watatu kati ya saba ni sera iliyogeuzwa kuwa wajibu unaoweza kuhesabiwa kwa macho barazani. Kuandika hivyo ndiyo kazi ya mwanasheria, na hakuna mchumi anayefundishwa kuifanya.

Ulikuwapo pia mfano wa Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyeongoza tume ya mfumo wa vyama mwaka 1991. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikashauri vyama vingi, na ikaorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kukandamiza haki. Kuorodhesha sheria moja moja, na kusema kila moja ina kasoro gani, si kazi inayofanywa kwa hotuba za majukwaani.

"Ukishinda kesi ya katiba, sera imebadilika."

Nauelewa mvuto wa dhana hii, kwa sababu darasani hukumu ndiyo hitimisho. Nje ya darasa, hukumu ni hatua mojawapo tu.

Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana aliyeanzisha Msichana Initiative, shirika la kutetea haki za wasichana, alifungua kesi kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu hivyo vinamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati kwa mvulana umri wa kawaida ni 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikasisitiza kwamba vifungu hivyo ni vya kibaguzi na vinakiuka Katiba.

Lakini mahakama haikuvifuta pale pale. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha kasoro, na Serikali ilipewa mwaka mmoja. Miaka mitano baada ya uamuzi wa Rufani, vifungu vilikuwa bado havijarekebishwa. Sheria ya Ndoa inawahusu watu wa dini zote na wa mila zote, kila upande una msimamo wake, na mabishano hayo mahakama haikuwa na namna ya kuyamaliza. Anayehitajika hapo ni mtu wa kukaa na viongozi wa dini, kuandaa rasimu mbili tatu, kuitafutia wizara njia ya kutokea, na kuwaeleza wabunge kwa lugha ya wapiga kura wao.

Wakati huohuo, mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Kwa hiyo binti aliyeko shuleni analindwa kwa ukali, na rafiki yake wa umri uleule aliyeacha shule anabaki chini ya sheria ya 1971. Sijui mfano bora zaidi wa kumfanya mwanafunzi wa sheria aone kwamba anahitajika nje ya mahakama.

"Bila kuwa wakili huwezi kufanya sera", na wengine: "Sera haihitaji uwakili kabisa."

Hizi ni dhana mbili zinazopingana, na zote zinapotosha.

Hofu ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), ambako mhitimu wa sheria hupita kabla ya kuwa wakili, ni ya kweli. Matokeo yaliyotikisa nchi Oktoba 2022 yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu ni 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa, mpaka Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Baada ya hapo wapo waliojiambia kwamba sera ni mlango wa kukwepea mtihani huo.

Inategemea unataka kukaa wapi. Taasisi za utafiti kama REPOA, mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, miradi ya kimataifa na ofisi za wabunge hupima zaidi uwezo wako wa kusoma, kuchambua na kuandika. Ukitaka kuwa Wakili wa Serikali, au uingie ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria ambako miswada inaandikwa, utaulizwa cheti cha mafunzo kwa vitendo. Hata matangazo ya Afisa Sheria kutoka Sekretarieti ya Ajira mara nyingi huwataka waliokwisha kuyapitia. Ushauri wangu ni kwamba, ukiwa na ada na nguvu, pitia. Serikalini ndiko rasimu zinakoandikwa, na usiifunge milango yake mapema kwa sababu ya woga.

"Nikiijua sheria, nimeshaijua sera."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza zaidi wanaoingia kazini wakijiamini. Mwanasheria amezoea kuuliza kama jambo linaruhusiwa. Katika sera swali hilo linafuatana na mengine: litagharimu kiasi gani, nani atalitekeleza huko wilayani, na tutajuaje kama limefanya kazi?

Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliingia bungeni mwaka 2022, na haukusonga haraka kama wengi walivyotarajia. Kubwa lililoulizwa lilikuwa pesa: wasio na uwezo watalipiwa na nani, kutoka chanzo gani cha uhakika? Bunge liliupitisha Novemba 2023. Ungekuwa umeandikwa kwa ufundi wa hali ya juu kabisa, bado usingepita bila jibu la swali hilo.

Mwanafunzi anayeitaka kazi hii ajifunze kusoma kitabu cha bajeti ya wizara, ajue tofauti ya fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa, na aweze kusoma jedwali la Ofisi ya Taifa ya Takwimu bila kuogopa. Ripoti za kila mwaka za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ni darasa zuri la bure. Tena ajizoeze kuandika kurasa mbili. Waziri hasomi kurasa 40 zenye tanbihi, na ukishindwa kulieleza jambo lako kwa ufupi, mwingine atalieleza anavyotaka yeye.

"Hizi ni kazi za wenye kujuana. Mwanafunzi hana pa kuingilia."

Kujuana kupo, siwezi kukataa. Ila kuna mlango mmoja uko wazi kwa kila mtu na unatumiwa na wachache mno.

Muswada ukishasomwa bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na kamati hualika wadau kutoa maoni. Miswada hupatikana kwenye tovuti ya Bunge. Muda ni mfupi, wakati mwingine siku chache, hasa muswada ukiletwa kwa hati ya dharura. Pakua nakala, anza mwishoni kwenye ukurasa wa "Madhumuni na Sababu" uone Serikali inasema inataka nini, kisha rudi kwenye vifungu uone kama ndivyo vinavyofanya.

Halafu chora jedwali la safu nne: namba ya kifungu, kinavyosomeka sasa, kisomeke vipi, na kwa sababu gani. Tuseme kifungu kinampa ofisa uwezo wa kufuta leseni ya muuza samaki bila kumsikiliza. Safu ya tatu usiandike "kiboreshwe". Andika kifungu kipya kizima: notisi ya siku 14, nafasi ya kujieleza, sababu za maandishi, na mahali pa kukata rufaa. Safu ya nne taja haki ya kusikilizwa iliyo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, kisha ongeza mistari miwili kuhusu hasara anayopata muuza samaki akifungiwa wiki moja. Mjumbe wa kamati anaweza kulichukua jedwali la namna hiyo na kulisoma lilivyo. Hotuba ya kulalamika hawezi kuifanyia kitu.

Kenya nafasi hii ina kinga ya kikatiba. Ibara za 10 na 118 za Katiba ya 2010 zinataka wananchi washirikishwe, na Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 kwa hoja zilizojumuisha upungufu wa ushirikishwaji huo. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo Oktoba 29, lakini kesi nzima imekuwa somo: maoni yaliyoandikwa na kuwasilishwa kwa wakati ni ushahidi, na watu hubishana juu yake mpaka mahakama ya mwisho.

"Sheria ikipitishwa, kazi imekwisha."

Rais akishasaini, waziri ndiye anayetunga kanuni, na kanuni ndizo zinazomfikia mwananchi: ada ni kiasi gani, fomu ipi, siku ngapi. Hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kwa kawaida hazina kelele za bungeni, ndiyo maana mambo mengi hupotea hapo, na ndipo penye upungufu mkubwa wa vijana wanaosoma. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, anayeweza kuandika kifungu kwa Kiswahili kinachobana bila kuacha tundu anatafutwa.

Ukiwa mwaka wa mwisho na hujapata mada ya tasnifu, chagua sheria moja inayogusa wilaya yako, kusanya kanuni zake zote, kisha nenda ofisini kwa mtendaji wa kata umwombe akuonyeshe ni zipi anazo.