"Hayo si Mambo ya Wazungu?" Dhana Potofu Kuhusu Safari Ndefu Zisizo na Injini

Chalinze, saa nne asubuhi, jua limeshachachamaa. Nilikuwa nimeegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kibanda cha chai, mabegi mawili yananing'inia kwenye karia, hema limefungwa juu kwa mpira. Nikamwamkia mama muuza chapati. Akaitikia, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akauliza kwa huruma ya kweli: "Mwanangu, umekosa nauli?"

Nikamweleza kwamba nauli ninayo, ila naenda Iringa kwa baiskeli kwa kupenda kwangu. Akafikiri kidogo. "Hayo si mambo ya Wazungu?" Kisha akaniongezea chapati moja, hela yake akaikataa.

Sina kinyongo naye hata chembe. Alisema tu kile ambacho wengi wetu tunakiamini bila kukisema: Mzungu akipita barabarani na baiskeli iliyosheheni mizigo ni mtalii, Mwafrika akipita vilevile ni mtu aliyefulia. Katika dhana zote nilizokutana nazo njiani, hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa hiyo naanza nayo.

"Ni safari za Wazungu"

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alikwenda kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Punda na ng'ombe wa mizigo hawakufaa sana, kwa sababu mbung'o waliwaambukiza ugonjwa wa nagana wakafa njiani. Mizigo ikabebwa na watu. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo: kilo 30 hivi za pembe au vitambaa begani, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, siku baada ya siku kwa miezi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoondoka pwani mwezi Juni 1857, hawakupasua pori jipya. Walifuata njia ambayo wapagazi walikuwa wameshaikanyaga kwa miongo, na hadi wanafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, ilikuwa Novemba.

Katika msafara huo alikuwemo Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alitembea na Burton na Speke. Baadaye akaenda na Speke na Grant hadi Mto Nile na kushuka nao mpaka Cairo. Mwaka 1871 alikuwa na mwandishi wa habari Stanley katika kumtafuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti. Kisha, kati ya mwaka 1873 na 1875, akavuka bara zima na Mwingereza Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki huko Angola. Nitajieni msafiri wa leo mwenye orodha kama hiyo. Nilimaliza shule bila kulisikia jina lake, nami naliona hilo ni pengo kubwa katika tunachowafundisha watoto.

Halafu kuna Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya sasa. Watu wake wangeweza kumzika pale wakarudi kwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaupaka mwili chumvi na kuukausha juani, wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Huko mbele, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite katika ardhi yao, waliufunga upya ule mwili uonekane kama mtumba wa kitambaa. Waliingia Bagamoyo Februari 1874, baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,600, na baadhi ya wenzao walikuwa wamekufa njiani. Miongoni mwa waliofika alikuwemo Halima, mpishi wa msafara. Yeye naye alitembea, basi anayesema kwamba mambo haya si ya wanawake angeanza kwa kumfikiria yeye.

Hata lugha yetu inaikumbuka njia ile. "Hongo" tunayoilalamikia leo ilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili iruhusiwe kupita. Na bodaboda, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli ya kubebea watu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine: "boda kwa boda".

"Lazima uwe mwanamichezo"

Dhana hii inatokana na rekodi. Mwaka 2017 Mskoti Mark Beaumont aliizunguka dunia kwa baiskeli kwa siku 78, saa 14 na dakika 40. Ukigawanya, ni zaidi ya kilomita 350 kila siku, na alikuwa na timu nzima ikimpikia, ikimkanda misuli na kumwamsha. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini kumchukua yeye kama kipimo cha safari ya baiskeli ni sawa na kukataa kutembea kwenda sokoni kwa sababu huwezi kukimbia kama Kipchoge.

Mtu wa kawaida mwenye mizigo huenda kilomita 60 hadi 80 kwa siku, na anapata muda wa kula, kupumzika na kupiga soga. Siku za kwanza mapaja yanawaka na makalio yanauma. Baada ya wiki mbili hivi mwili unazoea. Mwandishi wa Ireland, Dervla Murphy, aliendesha baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe mwaka 1992 akiwa na miaka 60.

Mimi mlima Kitonga niliupanda kwa kukokota. Malori yananipita kwa kunguruma, mengine yanashuka breki zikinuka moto, nami nasukuma hatua kwa hatua hadi Ilula. Nilifika Iringa vilevile.

"Bila baiskeli ya mamilioni usithubutu"

Hapa nataka kusema kwa msisitizo, maana nimeona vijana wakiahirisha safari miaka mitatu wakiwekeza kwenye fremu ya kaboni.

Fremu ya chuma ikipata ufa Ruaha Mbuyuni, yuko fundi wa kuchomelea atakayeiunga upate kuendelea. Ya kaboni ikipasuka, safari imeishia hapo. Tyubu, spoku, mnyororo na pedeli za baiskeli za kawaida zinapatikana karibu kila senta yenye gulio. Tairi la kipimo adimu au tyubu yenye valvu nyembamba utaitafuta hadi jiji kubwa, na pengine ukose. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujanunua kifaa chochote, umwulize fundi baiskeli wa kijijini kama amewahi kukishika. Akikigeuza mara mbili mbili mkononi kwa mshangao, kiache dukani. Na ujue kuziba pancha mwenyewe. Viraka, solusheni, pampu na spana chache vimeokoa safari nyingi kuliko giya 27.

Mwaka 2023 Mamadou Safaiou Barry, kijana wa Guinea mwenye umri wa miaka 25, alitaka kusoma Al-Azhar huko Misri lakini nauli ya ndege hakuwa nayo. Akapanda baiskeli ya kawaida mwezi Mei, akapita Mali, Burkina Faso, Togo, Benin, Niger na Chad, karibu kilomita 4,000. Njiani aliwekwa kizuizini zaidi ya mara moja kwa kushukiwa tu. Alipofika Chad habari zake zilisambaa, akapatikana msamaria wa kumlipia ndege ili asipite Sudan penye vita, na Al-Azhar ikampa ufadhili kamili wa masomo.

Miongo tisa kabla yake, Mpolandi Kazimierz Nowak aliivuka Afrika kutoka Tripoli hadi ncha ya kusini na kurudi hadi Algiers, kati ya mwaka 1931 na 1936, kilomita 40,000 hivi. Alianza na baiskeli iliyokwishatumika, akajikimu kwa kuuza picha na makala. Baiskeli ilipomshinda alipanda farasi, akapiga makasia mtoni, akavuka Sahara kwa ngamia.

"Utaliwa na simba"

Kila niliyemwambia naenda Iringa alinitajia Mikumi. Ni kweli, barabara kuu inakatiza hifadhi ile kwa kilomita 50 hivi, simba wapo, na tembo ndio wa kuogopwa zaidi. Ndiyo maana kipande kile nilikivuka nikiwa nimepakia baiskeli kwenye fuso, na sioni aibu. Uliza geti la hifadhi, na ukishauriwa upande gari, panda.

Ila kinachoua wasafiri wa aina hii ni magari. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya nusu walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Mfikirieni Mwingereza Jason Lewis, aliyeizunguka dunia kwa nguvu za mwili pekee kuanzia mwaka 1994 hadi 2007. Alivuka Atlantiki kwa boti ya kukanyaga pedeli kwa siku 111. Huko Australia alivamiwa na mamba, akajinasua. Aliyemvunja miguu yote miwili alikuwa dereva wa gari aliyemgonga Colorado, Marekani, mwaka 1995.

Kwa hiyo hofu yako ielekeze panapostahili. Funga kioo cha pembeni kwenye usukani. Vaa fulana inayong'aa. Ukisikia basi nyuma na lori mbele kwa wakati mmoja, shuka kwenye lami, usibishane na mtu. Usiendeshe usiku hata kama imebaki kilomita tano tu. Mimi nilivunja sharti hili mara moja karibu na Doma, na ule upepo wa lori lililonipita sentimita chache kutoka kwenye bega sijausahau.

"Kunywa maji kadiri uwezavyo"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na unaweza kuua. Anayetoka jasho saa nyingi anapoteza maji na chumvi pamoja. Akifidia kwa maji matupu, lita juu ya lita, chumvi katika damu inashuka kupita kiasi: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na hali ikizidi, degedege na kifo. Ubaya ni kwamba dalili za mwanzo zinafanana na za mtu aliyepungukiwa maji, basi wenzake wanamwongezea maji. Kunywa kwa kadiri ya kiu, na kula kitu chenye chumvi njiani. Ukiharisha na huna pakiti ya ORS, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, vitakuvusha hadi zahanati.

Homa nayo usiisingizie uchovu. Kapime malaria siku hiyo hiyo.

"Chombo cha tanga huenda upepo unakotaka"

Watu wa bara ndio wenye dhana hii zaidi. Wa pwani wanajua kwamba nahodha hubisha: chombo kinakwenda mshazari upande huu, kinageuzwa, kinakwenda mshazari upande wa pili, na kwa kona hizo kinaupanda upepo unaotoka mbele. Ni kazi nzito kwenye jahazi, maana foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na tanga lake lazima vihamishiwe upande wa pili wa mlingoti, ndiyo sababu kwa safari ndefu wazee walichagua kungoja. Upepo wa kaskazi, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, uliwaleta kutoka Oman na Ghuba. Upepo wa kusi uliwarudisha. Hiyo ilikuwa ratiba, na watu waliifuata kwa karne nyingi.

Na wanaodhani kwamba chombo kisicho na misumari hakiwezi bahari kuu watazame kilichofanyika mwaka 2010. Jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, Jewel of Muscat, liliondoka Oman Februari na kufika Singapore Julai. Mitepe, vyombo vya tanga vya zamani vya Lamu, ilishonwa vivyo hivyo.

"Nitaanza nikishajipanga"

Hii nimeisikia kwa wengi, na mwenyewe niliisema muda mrefu. Safari ya kwanza haihitaji viza wala hema. Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo ni kama kilomita 60. Ondoka alfajiri kabla foleni ya Tegeta haijaanza, beba tyubu ya akiba, kunywa chai Bunju. Kufikia mchana utakuwa umefika. Pita mjini hadi misheni ya Wakatoliki, penye mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo Chuma, Susi, Halima na wenzao walipoutua ule mzigo.